Shangazi Yuko Bafuni

Shwa, shwa, shwa. Hakujapambazuka bado, na brashi ilikuwa ikisugua viatu jikoni. Chiriku alifungua jicho moja, akatega sikio. Alijua ni shangazi yake. Punde akasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa taratibu sana, maana Shangazi hakupenda kumwamsha mtu. Kila alfajiri alipiga viatu vyake rangi, akachemsha maji ya kuoga ya Bibi, akaifunika ndoo kwa taulo ili maji yasipoe, kisha akaondoka kwenda kazini kwa miguu.

Chiriku alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita. Jina hilo alipewa na Bibi kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Wazazi wake walifanya kazi mbali, kwa hiyo aliishi kwa Bibi, mama wa baba yake, karibu na shule. Shangazi, dada wa baba yake, aliishi nao. Alikuwa daktari wa meno, mtu wa kwanza kuitwa daktari katika ukoo mzima.

"Shangazi, mbona daktari mzima unakwenda kazini kwa miguu?" Chiriku alimwuliza siku moja.

"Nanyoosha mgongo, mwanangu. Kutwa nzima nimeinamia midomo ya watu."

Siku Shangazi alipovaa joho na kofia ya kuhitimu, vigelegele vilisikika mtaa mzima. Tangu siku hiyo ndugu hawakukauka mlangoni. Baba mdogo, ambaye ni fundi mwashi, alitaka mabati ya kuezekea. Binamu alitaka ada. Jirani alitaka kuazimwa kidogo tu, atarudisha. Wote walisema, "Daktari wetu yupo!" Naye Shangazi alitabasamu na kufungua mkoba. Hata Chiriku alipata begi jipya la shule lenye mifuko kila upande, ingawa la zamani lilikuwa halijachanika.

Jumamosi moja asubuhi Shangazi alikuwa jikoni akimenya viazi. Simu yake ikaita mezani. Aliitazama kama mtu aliyeona nyoka.

"Chiriku, ipokee wewe. Sema sipo."

"Uko wapi?"

"Popote! Sema niko bafuni."

Chiriku akapokea. Sauti ya mama mmoja, ya upole, ikamwuliza daktari alipo. "Shangazi yuko bafuni," akajibu Chiriku, huku akimtazama Shangazi na kiazi chake mkononi.

"Sawa, mwanangu. Nitapiga baadaye."

Kweli akapiga baadaye, jioni ileile. Shangazi akatikisa kichwa. Chiriku akasema tena, "Yuko bafuni."

"Bado?" yule mama akashangaa. "Basi leo atatoka amepauka."

Chiriku alicheka mpaka karibu aiangushe simu. Lakini alipogeuka, Shangazi hakuwa akicheka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo tupu iliyopinduliwa, mikono mapajani.

"Ni nani huyo, Shangazi? Amekukosea?"

Shangazi alitazama nje kwanza, akahakikisha Bibi yuko uani. "Hajanikosea. Mimi ndiye niliyemkosea. Anafanya kazi kwenye ofisi ya mikopo ya wanafunzi. Chuo cha udaktari wa meno ni ghali, Chiriku. Ada, vitabu, vifaa, chumba cha kulala, vyote nililipiwa kwa mkopo. Sasa nina kazi, natakiwa kurudisha kidogo kidogo kila mwezi. Mwanzoni nililipa. Kisha likaja la mabati, likaja la ada ya binamu yako. Nikaruka mwezi, nikaruka mwingine. Sasa wameongeza faini juu yake."

"Si uwaambie huna?"

"Naona haya. Na kuna jambo baya zaidi. Aliyenidhamini ni Bibi. Mimi nisipoonekana, barua itakuja kwake, adaiwe yeye. Bibi yako anauza vitambaa vya kufuma, atalipa nini? Tafadhali, usimwambie."

Chiriku aliahidi. Lakini siri ile ilimkaa vibaya. Alipokuwa akila, Bibi alimsogezea kipande chake cha nyama kama kawaida, akisema amekwishashiba. Chiriku alikitazama kile kipande, akashindwa kukila.

Jumamosi iliyofuata rafiki yake Kidoti alikuja wafanye hesabu pamoja. Kidoti aliitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Simu ilipolia, Chiriku aliipokea bila hata kuambiwa.

"Shikamoo. Shangazi yuko bafuni."

Kidoti alimkodolea macho. Shangazi alikuwa mbele yao kabisa, akipepeta mchele.

Jumatatu darasa zima lilikuwa na habari. Mwalimu alipoita majina na mwanafunzi mmoja akakosekana, sauti kutoka nyuma ikasema, "Mwalimu, yuko bafuni!" Darasa likaangua kicheko. Chiriku aliona masikio yanawaka moto.

"Umenitangaza!" alimwambia Kidoti wakati wa mapumziko.

"Nilimwambia mmoja tu," Kidoti akajitetea, kisha akainama. "Nisamehe. Lakini na wewe, Chiriku! Wewe ndiye uliyemwambia mwalimu kwamba mimi na wewe tulivunja dirisha, hata kabla hajauliza. Nikakuchukia siku nzima. Leo unadanganya kama umesomea."

Chiriku aligeuka, akarudi darasani akiyarudia maneno hayo kichwani.

Jioni simu iliita tena. Shangazi alikuwa akikuna nazi. Chiriku aliipokea, akafungua mdomo, na lile neno likakataa kutoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo pia yuko bafuni?"

"Hapana. Yupo hapa, anakuna nazi. Hata zile siku nyingine hakuwa bafuni. Nilikudanganya. Nisamehe."

Mbuzi ya kukunia nazi ikanyamaza. Shangazi alisimama, machicha mikononi, uso umembadilika. Chiriku alidhani atapigwa kibao. Lakini kwenye simu yule mama alisema polepole, kwa sauti iliyofika hadi kwa Shangazi, "Ahsante kwa kuniambia kweli. Mwambie sipigi kumgombeza. Mwezi huu ukiisha, mfumo wa kompyuta wenyewe utatoa barua kwa mdhamini, na mimi sitaweza kuuzuia. Ndiyo maana nampigia mpaka jioni, saa zangu za kazi zimekwisha. Aje tuongee tu."

Shangazi alijifuta mikono kwenye kanga. Akanyoosha mkono.

"Haloo," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Nitakuja kesho."

Alipokata simu walitazamana.

"Umekasirika, Shangazi?"

"Nimekasirika kidogo," Shangazi alijibu. "Na nimepumua kidogo. Sijui kipi ni kikubwa. Kesho ukitoka shule twende wote, maana miguu yangu naijua, inaweza kugeuka njiani."

Ofisi ya mikopo ilikuwa juu ya duka la vitambaa, chumba chenye feni iliyochoka na viti vya plastiki vilivyojaa watu. Vijana walikaa wakitazama sakafu kama wanaosubiri adhabu. Mzee mlinzi alipomwona Chiriku amesimama, alimpa kiti chake mwenyewe, akaenda kuegemea mlango.

Zamu yao ilipofika, waliingia kwa yule mama. Alikuwa mnene, mwenye miwani, na kikombe cha chai mbele yake.

"Wewe ndiye wa bafuni?" alimwuliza Chiriku.

"Ndiyo, mama. Nimeacha."

Yule mama akacheka, halafu ghafla akashika shavu, akakunja uso. Akajikaza, akaanza kazi. Alimwuliza Shangazi mshahara wake, kodi ya nyumba, chakula. Shangazi alieleza yote, la mabati na la ada pia, bila kuficha.

"Daktari, tatizo lako si mshahara mdogo. Unagawa kabla hujalipa. Tufanye hivi. Nitapunguza kiasi cha kila mwezi kilingane na hali yako. Itachukua miaka mingi zaidi, usijidanganye. Lakini utakula, na utalala. Ukilipa mfululizo bila kukosa, tutaandika maombi faini ipunguzwe. Barua haitatoka. Ila mdhamini wako mwambie mwenyewe, leo, kwa mdomo wako."

"Ni hayo tu?" Shangazi aliuliza. Alionekana kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega zima akakuta haujafungwa.

"Ni hayo tu. Ungekuja mwezi wa kwanza, hata faini usingeijua." Mama akanywa chai, akaruka kitini. "Uwiii!"

Sasa Shangazi akabadilika. Mgongo ukanyooka, macho yakawa ya daktari. "Jino hilo limeanza lini?"

"Aa, dogo tu."

"Lini?"

"Kabla ya mvua," mama akakiri. "Lilianza likiwa tundu dogo. Naogopa, daktari. Nikiona mlango wa kliniki, nakumbuka nina safari nyingine."

"Na kliniki wakikupigia simu," Chiriku akadakia, "utasema uko bafuni?"

Yule mama akacheka huku ameshika shavu, "Jamani, usinichekeshe, inauma!" Shangazi naye akacheka mpaka machozi, kicheko ambacho Chiriku alikuwa hajakisikia nyumbani kwa muda mrefu. Mlinzi akachungulia kuona kuna nini, akakuta mdai na mdaiwa wanafutana machozi kwa leso moja.

"Kila siku nawaambia wagonjwa," Shangazi alisema alipotulia, "njooni mapema, likiwa tundu dogo tutaliziba. Wao wanaogopa, wanakaa nalo, mwisho linataka kung'olewa. Nawashangaa! Kumbe na mimi nina langu, nimelifungia mdomo. Mama, kesho asubuhi uje kliniki. Nitakushika mkono mwenyewe."

"Kesho nina..."

"Una nini?"

"Nina kuja kliniki," mama akasema kwa unyonge.

Jioni ile Shangazi alimketisha Bibi na kumwita Baba mdogo. Alisema yote akiwa amesimama, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea kwenye mkeka, akapigapiga nafasi kando yake.

"Kaa hapa. Mimi nilidhani deni liliisha siku ulipovaa joho. Na wewe unatembea kwa miguu, unanichemshia maji, umebeba yote hayo peke yako? Nilikudhamini ili nikusaidie kubeba, mwanangu. Sikukudhamini ili unifiche."

Baba mdogo alikuna kichwa. "Dada, mimi nilidhani ukishavaa koti jeupe mifuko inajaa yenyewe. Sasa mabati yako juu. Nipande nikayang'oe?"

"Usiku huu ukianguka, nani atakulipia hospitali?" Bibi akamwuliza, na wote wakacheka.

"Basi nimepata kazi ya kujenga ukuta. Nitarudisha kidogo kidogo, kama wewe. Na nikija tena kuomba, niambie hapana. Sitakufa."

"Hebu jaribu sasa hivi," Chiriku akasema. "Baba mdogo, omba kitu."

"Dada, naomba kiatu kipya."

"Ha... hapa..." Shangazi aliuma mdomo. "Hapana, kaka. Mwezi huu nalipa mkopo."

Bibi alipiga kigelegele kana kwamba Shangazi amehitimu tena.

Kesho yake yule mama alifika kliniki, amefumba macho tangu mlangoni. Shangazi alimchoma sindano ya ganzi, akaliziba jino. Halikuhitaji kung'olewa, ingawa lilikuwa karibu kufika huko. Shuleni, Chiriku alimweleza Kidoti kila kitu. "Tunadaiwa, lakini tunalipa," alisema bila kuinamisha kichwa. Kidoti akajibu kwamba kaka yake naye anadaiwa, ila kwao yeye huwa "amelala". Chiriku akamwambia pa kumpeleka.

Mwezi ulipoisha, Shangazi na Chiriku walipanda tena ngazi za juu ya duka la vitambaa. Safari hii Shangazi alimsalimia kila aliyekaa kwenye viti vya plastiki. Yule mama alikuwa akitafuna karanga, upande huu na upande ule, kwa fahari.

"Daktari! Si ungelipa kwa simu tu? Kwa nini upange foleni?"

"Nimelipa kwa simu jana. Leo nimekuja kukagua kazi yangu. Fungua mdomo."

Mama akafungua, mlinzi naye akaja kuchungulia. Shangazi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akamgeukia Chiriku, akamwekea mkono begani.

"Nikwambie, mwanangu. Kukopa ili usome si aibu. Bila mkopo ule nisingeshika meno ya mtu. Kosa langu lilikuwa kujificha, na kukufundisha wewe unifiche. Ukidaiwa, nenda mwenyewe ukaseme kweli mapema, wakati jambo bado ni dogo. Mara nyingi anayekungoja kule ni mtu kama wewe, na yeye ana pake panapomuuma."

"Sana," yule mama akasema, akimmiminia Chiriku karanga viganjani mpaka zikamwagika. "Humu watu huingia wakitetemeka na kutoka wakikimbia. Hakuna anayeuliza mimi nimeamkaje. Mwezi ujao mje tena kunitembelea, hata kama mmeshalipa. Na huyu msemaji wako, daktari, usimwache nyumbani."