Magadi Hayaponyi Kidonda

Eunike aliamka amechoka vilevile alivyolala. Mgongo ulimuuma. Jana alikata mikungu ya ndizi tangu asubuhi hadi jioni, na leo ilikuwa siku ya kuipeleka soko la Kwa Mrombo. Hamu ya kula hakuwa nayo. Alimeza vidonge viwili vya maumivu, akashushia kwa chai ya rangi. Alikuwa akifanya hivyo kila siku, na huu ulikuwa mwezi wa tatu.

Muda si mrefu tumbo likaanza kuwaka. Eunike aliingia jikoni, akachukua magadi ya kuivishia maharage, akayakoroga kwenye maji na kunywa. Moto ukapoa. Migomba yake aliijua mmoja mmoja, ila mwili wake aliuacha ujitegemee kama mtoto wa jirani.

Jambo moja hakumwambia mtu, hata mumewe Sumari. Choo chake kilikuwa cheusi tii. Mama yake mzazi alikufa akitapika damu, na Eunike aliogopa kuambiwa kwamba sasa ni zamu yake.

Asubuhi hiyo Lilian, mhudumu wa afya wa kijiji, alimkuta ameinama juu ya mkungu, mkono tumboni.

"Shikamoo, mama Diana."

"Marahaba, mwanangu. Nimechoka tu."

"Uchovu gani huo unaoshikiwa tumbo?"

Eunike alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akasema yote.

Lilian hakumkemea. Alivuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Mama, tumbo ni mfuko wa nyama. Kuta zake zinatoa maji makali yanayoitwa asidi. Yanasaidia kumeng'enya chakula na kuua vijidudu. Misuli ya tumbo nayo inakaza na kulegea, inakikanda chakula mpaka kinakuwa uji. Halafu kilango cha chini kinafunguka kidogo kidogo, uji unashuka kwenye utumbo."

"Maji makali hivyo! Mbona hayalichomi tumbo lenyewe?"

"Kuta zina ute unaozikinga. Lakini hivyo vidonge vya kila siku vinaudhoofisha. Wapo pia bakteria wanaouharibu. Kinga ikipungua, asidi inakula nyama. Hicho ndicho kidonda cha tumbo."

"Na magadi?"

"Yanaipooza asidi kwa muda tu. Wewe unaona umepona, kumbe kidonda kinaendelea kuchimba. Na choo cheusi namna hiyo huenda ni damu, mama. Si jambo la kusubiri kesho. Twende hospitali sasa hivi."

"Na ndizi zangu?"

"Ndizi zikioza utakata nyingine. Wewe je?"

Sumari alikuwa ametoka bandani kwa ng'ombe, akasikia. "Mke wangu," alisema. "Umeubeba mzigo huu peke yako, mimi nikiwa hapa?" Akaenda kutafuta gari mbio mbio.

Hospitali walimpima. Walikuta kidonda kinachovuja damu, na bakteria pia. Saratani, ambayo Eunike aliihofia kimoyomoyo, haikuwepo. Eunike aliposikia hivyo alilia kwa sauti, wala hakuona haya. Daktari alimwandikia dawa, akamwambia azimalize zote hata akijisikia nafuu. Vidonge vya maumivu aliambiwa asiviguse tena bila ushauri wa daktari. Mgongo nao ulitaka kupumzishwa, kwa hiyo Sumari akaanza kubeba mikungu mwenyewe.

Uchovu haukuisha kwa siku moja, maana damu iliyopotea hurudi taratibu. Lakini kiungulia kilikwisha, choo kikarudi rangi yake, na baada ya miezi miwili nguo zilizokuwa zikimpwaya zikaanza kumkaa vizuri.

Siku moja Diana, binti yake, alirudi kutoka shule saa saba mchana. Akamkuta mama yake ameketi barazani, sahani ya ndizi mapajani, anatafuna bila haraka. Diana akasimama mlangoni kwa hofu. Hakuwahi kumwona ameketi saa hizo.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana, mwanangu," alisema Eunike. "Nakula."