Upande wa Ukutani

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika, watu wanasukumana kaunta, kila mmoja anataka ahudumiwe kabla ya mwenzake. Katikati ya zogo hilo alikuwepo mwanamke mchora ramani za nyumba, gauni lake la kitani limeshaingia vumbi la saruji, amekumbatia ndoo ya rangi nyeupe kama mtoto. Sauti ya mwanamume nyuma yake ikauliza kama anakwenda kupaka hospitali nzima.

"Ni ya bati," akajibu bila kugeuka. "Bati jeupe linarudisha jua lilikotoka. Nyumba inapoa yenyewe."

"Yenyewe? Basi unanitoa riziki mdomoni, dada. Mimi ndiye ninayefunga viyoyozi."

Hapo akageuka. Jamani, ovaroli ya buluu, kola imepigwa pasi! Miaka yote aliyofanya kazi na mafundi hakuwahi kuona fundi aliyepiga pasi ovaroli, na kola ile ikammaliza kabisa. Wakabishana kuhusu joto mpaka nje ya duka, ndoo ikiwa imeshahamia mikononi mwa mwanamume, na walipoachana kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Wajenzi walishamzoea kwa jina la Bibi Kivuli, maana hakuna ramani yake iliyokosa kivuli mahali. Yeye naye akampachika fundi wake jina la Baridi. Simu zikawa hazikatiki. Baridi anapiga mchana kuuliza leo ameua viyoyozi vingapi, naye anamjibu vya kutosha kukulaza njaa, mpenzi. Kwa utani huohuo wakaoana.

Wakahamia katika nyumba aliyoichora mke mwenyewe, mpya, bado inanuka chokaa. Bati jeupe, dari imejazwa pamba ya kuzuia joto, kuta nene, madirisha yanatazamana upepo uingie huku utokee kule. Wateja waliletwa mchana kuiona. Walitoka kwenye joto la barabarani wakihema, wakaingia chumbani, wakashusha pumzi. Naye hakuchoka kuwaambia kwamba mume wake ni fundi wa viyoyozi na humu ndani hamna hata feni. Wateja wakicheka, Baridi alicheka nao. Kitandani mke alichukua upande wa dirishani, mume akapewa wa ukutani.

Haikupita miezi mingi mke akaanza kushtuka usingizini na kukuta nafasi ya mume tupu. Yuko barazani, juu ya mkeka, uso unamulikwa na simu. Akimuuliza, anajibiwa usingizi umekataa. Mke aliyameza hayo kwa muda, kisha yakamshinda, akamweleza dada yake. Dada mtu, ambaye hana dogo, akamwambia mwanamume hakimbii kitanda bure. Ndani ya simu ile yumo mtu.

Basi wivu ukaota. Asubuhi ambayo wateja wakubwa kupita wote walikuwa njiani, chai ikiwa mezani, akashindwa kujizuia.

"Kama kitanda changu kimekushinda, nenda kalale unakolala vizuri."

Baridi alifungua mdomo, akatazama saa, akaufunga. Akasema tu kwamba hataki kumharibia siku. Akachukua kisanduku chake cha vifaa akaenda zake, na baadaye ikasikika kuwa amepata kazi katika hoteli inayojengwa mji wa mbali. Mke akahesabu kimya kile kuwa ndilo jibu.

Wateja waliipenda nyumba. Walitaka mtaa mzima ujengwe kwa ramani ile, na siku aliyopata habari hizo Bibi Kivuli alirudi nyumbani akiwa na furaha asiyokuwa na wa kumpa. Akapika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akala kidogo, akafunika. Alitafuta jina la Baridi kwenye simu, akalitazama, akaweka simu chini. Ovaroli moja ilikuwa imesahaulika kwenye kamba. Aliianua, akaipiga pasi kola, na alipomaliza hakujua aiweke wapi. Nyumba ilikuwa tulivu na yenye hewa safi, na aliichukia.

Jioni moja, jua limeshazama, alijitupa kitandani na nguo zake za kazi. Akajiviringisha hadi upande wa mume, kwani alitaka harufu yake, na mto bado ulikuwa nayo. Mgongo ukagusa ukuta. Alidhani ana homa. Akaweka kiganja: ukuta ulikuwa na moto kama kikaango kilichoepuliwa sasa hivi, kutoka juu mpaka chini.

Alilala palepale mpaka jasho likaloanisha mto. Ukuta ule ulitazama magharibi. Alasiri yote ulikunywa jua, na kwa unene wake ulichelewa kulipitisha, ukalipitisha saa za watu kulala. Vipimo vyake vyote vya joto alivichukua mchana. Usiku dirisha lilimpepea yeye, na mume wake akakaangwa kando yake bila kusema neno. Akalia kwa sauti, hakuna wa kumsikia.

Akapiga simu. Hata salamu hakutoa.

"Ukuta una moto."

Baridi akauliza, "Umejuaje?"

"Nimelala upande wako. Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mimi mfunga viyoyozi nilalamike joto, ungesema nakutafutia soko. Halafu ulikuwa unaisifia nyumba yako kwa raha zote. Sikuweza."

"Na simu?"

"Marudio ya mpira, mke wangu. Kwani wewe ulifikiri nini?"

Mke akacheka na machozi yanatoka. Akamwambia kesho anakwenda kuwaeleza wateja kwamba ramani ina kosa. Ukuta wa magharibi lazima ujengewe mwingine wa matofali ya matundu mbele yake, upepo upite katikati. Huenda wakamwacha. Baridi akasema wakimwacha wao, yeye yupo.

"Nisamehe," mke akasema.

"Sasa hivi umelala wapi?"

"Ukutani."

"Umelowa?"

"Chapachapa."

Mke akasikia kisanduku cha vifaa kikifungwa, upande wa pili wa simu.

"Sogea dirishani, mpenzi," Baridi akasema. "Huo upande ni wangu."