Njiwa Aliyekataa Mahindi

"Unawaharibu njiwa wangu, Bi Rozina!"

"Nani kaharibu nani? Wananinyea mashuka, nawapa pilau, na bado una mdomo!"

"Kwao jabalini wanaitwa kwa mahindi. Siku hizi hawayagusi!"

"Basi wana akili kukushinda, Abass."

Paa la ghorofa, jirani na barabara ya Huanshi Zhonglu katika jiji la Wachina, lilikuwa limejaa wasikilizaji. Muzdalifa alikuwa katikati yao, na hotipoti ya pilau aliyofungiwa na Bi Rozina. Wote walimjua kwa kununua nguo soko la Shahe. Bastola ya Glock iliyo chini ya baibui hawakuijua.

Abass akasonya, akamrusha njiwa mmoja.

Mguuni, kichupa chembamba.

Kwenye kisikizi sikioni mwa Muzdalifa, Jaffari wa kituo cha upelelezi akanong'ona: "Njiwa ndiye huyo. Kabeba picha ya Hafidh akiwa na sare zetu. Ikimfikia bosi wa magendo ya silaha, Hafidh ni maiti."

"Bosi yuko wapi?"

"Jabalini, nyuma ya mji wa Shiling. Hafidh tuliyempenyeza kasimama ubavuni mwake."

Gari la kukodi. Foleni. Honi.

Njiwa hana foleni.

Jabali lilikuwa limetobolewa matundu matundu: vyumba vya njiwa, vilivyochongwa na watu wa kale waliovuna humo kinyesi chao kuwa mbolea. Chini, bosi alikuwa akitikisa mkebe wa mahindi, jasho likimtoka. Juu, njiwa ametulia mlangoni pa tundu lake, kampa mgongo.

Hafidh alimwona Muzdalifa. Akajikausha.

"Laoban," Muzdalifa akamwita bosi kwa Kichina, kama mteja aliyepotea, "maduka ya mikoba yako wapi?"

"Meiyou! Hakuna! Toka!"

"Nipumue kidogo, bosi wangu." Akaketi, akafungua hotipoti.

Harufu ya iliki ikapanda.

Mabawa yakapiga. Njiwa akatua gotini pake, akazamisha mdomo kwenye wali.

Kichupa kikawa kiganjani mwa Muzdalifa.

Bosi akachomoa bastola. Hafidh akamshushia kiwiko cha shingo, bastola ikaruka. Glock ya Muzdalifa ikamtazama bosi usoni.

"Lala chini."

Njiwa hata hakuinua kichwa.

"Jaffari, walete polisi. Abass je?"

"Ana pingu. Bi Rozina bado anamsema."

Jioni Muzdalifa alirudisha hotipoti, akageuka aende zake.

"Umemaliza yote?"

"Kala mgeni, Bi Rozina. Mimi sikuonja hata punje."

"Mgeni gani mlafi hivyo?" Bi Rozina akachungulia ngazini. "Na huyo anayejibanza hapo?"

"Hafidh. Ndugu yangu."

"Mbona kakonda hivi!" Akausukuma mlango mpaka mwisho. "Hafidh, baba, ingia. Vua viatu, wali unapoa."