Kibuyu Kilichokataa Kuzama

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la saba walifagia uwanja, wakamwagilia miche maji waliyooshea vyombo, kisha wakaingia darasani na vumbi miguuni. Katika muhula wa pili wa mwaka 1988, Ndinda na Muthama walikuwa na kazi nyingine. Kabla ya kushika fagio walipitia stoo kuiangalia nyambizi yao.

Nyambizi yenyewe ilikuwa kibuyu. Muthama alikikausha, akafunga nyuma yake mota ndogo ya redio ya kaseti mbovu ya mjomba wake, na kwenye mota akatia mabawa ya kusukuma maji aliyoyakata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Chini palikuwa na ndoano ya waya. Nyaya mbili ndefu zilitoka kwenye mota hadi kwenye betri za tochi ambazo angezishika mkononi.

Wazo lilikuwa la Mwalimu Kasyoka, aliyefundisha sayansi. Aliwaeleza kwamba baharini watu huchimba mafuta na kulaza mabomba mahali penye kina ambacho mpiga mbizi hawezi kufika. Hapo hushusha chombo kisicho na mtu ndani, na walio melini hukiongoza kwa waya.

"Kikiwa kizito, kitalala chini na hakitarudi," alisema. "Kikiwa chepesi sana, kitacheza juu kama bata. Kinatakiwa kiwe chepesi kidogo tu kuliko maji, ndipo mota ikisukume chini. Waya ukikatika, kitapanda chenyewe."

Darasani hakuna aliyewahi kuiona bahari. Wengi hawakuwa wameuona hata mto wenye maji mwezi wa Agosti. Lakini walisikiliza vizuri, maana habari ya maji mengi haichoshi watu wa mji mkavu kama Mwingi.

"Ndinda, kazi yako ni maji," Mwalimu alimwambia. "Bahari ni chumvi. Nenda kwa kisima cha pampu, uchote ile ya munyu. Mpime nayo."

Munyu ni chumvi kwa Kikamba, na maji ya kisima kile yalikuwa na munyu kweli. Ng'ombe waliyapenda. Watu waliyanywa wakikunja nyuso. Jumamosi Ndinda alibeba mtungi wake wa plastiki akaenda. Alikuta foleni ya punda imefika barabarani. Akasimama kidogo, akalitazama jua, akageuka. Nyumbani kwao palikuwa na tangi la maji ya mvua, na maji ni maji, alijiambia.

Jumatatu alimimina maji hayo matamu kwenye karai kubwa shuleni. Walitia mchanga ndani ya kibuyu kidogo kidogo mpaka kikabaki kimetoa mgongo tu juu ya maji. Muthama akaziba mdomo wa kibuyu kwa nta ya nyuki. Mota ilipozunguka, kibuyu kiliinama kikashuka hadi chini. Muthama alipiga kelele za furaha.

"Ya munyu umejaribu?" Mwalimu Kasyoka aliuliza alipofika.

"Nimejaribu, Mwalimu."

Ndinda hakuona kama amesema uongo. Si alijaribu kwenda? Lakini siku nzima hakuweza kumtazama Mwalimu usoni.

Maonyesho ya sayansi yalifanyika katika shule moja ya sekondari mjini. Muthama alifika amevaa shati la kakake. Babake alikuwa amemruhusu aache kuchunga mbuzi jioni kwa ajili ya kazi hii, ila alimwonya kwamba ikishindikana, hataki tena kuona nyaya nyumbani kwake. Ndinda aliyajua hayo.

Mwamuzi wao alikuwa Bi. Shufaa, mhandisi aliyezaliwa palepale Mwingi katika duka la babake, na sasa alifanya kazi na wapiga mbizi bandarini Mombasa. Aliangusha pete ya chuma ndani ya birika la saruji lililojaa maji.

"Niletee hiyo," alisema.

Muthama aliunganisha nyaya. Mabawa yalizunguka, maji yakaruka, na kibuyu kikazunguka juu ya maji bila kushuka hata kidogo. Alijaribu tena. Kikazunguka tena.

"Hiyo ni bata!" mvulana mmoja alisema, na watu wakacheka.

Mwalimu Kasyoka alisogea. "Muthama, ulipunguza mchanga?"

"Hapana, Mwalimu. Ni ile tu tulipima."

"Basi imekuwa nyepesi aje? Nilikwambia usichezee kitu ikishapimwa!"

Muthama aliinamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga.

Matone yaliyorushwa na mabawa yalikuwa yamemwangukia Ndinda mdomoni. Akalamba. Munyu! Bila shaka, nani Mwingi angejaza birika kwa maji matamu ili watoto wachezee? Akaelewa mara moja. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Wote walimtazama Muthama.

"Mwalimu, si yeye," alisema. "Ni mimi. Maji ya kupima yalikuwa ya mvua. Nilienda kwa kisima nikaona foleni, nikarudi. Muthama hakujua."

"Lakini uliniambia umejaribu."

"Nilijaribu kwenda, Mwalimu."

Hapana aliyecheka. Bi. Shufaa aliutia mkono wake birikani, akaonja kidole.

"Ni kweli. Maji ya chumvi ni mazito zaidi, kwa hivyo yanakiinua chombo," alisema. "Hata bandarini tunapima upya kila tukibadilisha maji. Zamu yenu imepita na alama zake zimepotea, hizo sitawarudishia. Lakini mkitaka kujaribu tena, mtaingia mwisho."

Ndinda aliomba misumari kwa fundi wa shule. Alipiga magoti kando ya birika, akafunga msumari mmoja chini ya kibuyu, akatazama, akaongeza mwingine, mpaka kikabaki kimetoa mgongo tu juu ya maji. Muthama alimshikia nyaya. Zamu yao ilipofika, kibuyu kiliinama, kikashuka, kikapapasa sakafu ya birika, na kikapanda na pete ikining'inia kwenye ndoano.

Hawakupata zawadi. Lakini Mwalimu Kasyoka alimpa Muthama mkono mbele ya watu wote, akamwomba radhi, na akaahidi kwenda mwenyewe kuzungumza na babake.

Bi. Shufaa alivaa pete yake. "Msichana, neno 'nimejaribu' lina maana mbili," alimwambia Ndinda. "Kuna kujaribu kwa mtu aliyetoka nyumbani akarudia njiani, na kuna kujaribu kwa mtu aliyepima. Mimi ninaposhuka baharini, ninamwamini mwenzangu aliyesema amejaribu mtungi wangu wa hewa. Akiwa amerudia njiani, mimi sitapanda."

Jumamosi iliyofuata Ndinda alisimama nyuma ya punda wote, mtungi wake mkononi, mpaka zamu yake ikafika. Alipompelekea Muthama maji yale ya kupimia nyambizi upya, Muthama alichovya kidole, akaonja, akakunja uso, akacheka.

"Ni yenyewe," alisema.