Begi la Kaka Lililochukuliwa Msibani

Jeneza la kaka yangu lilikuwa bado sebuleni, na rafiki yake akaondoka na begi lake.

Mbele ya macho yetu. Na sisi tukacheka...

Naitwa Koleta, wa Gongoni, Tabora. Nimeishia kidato cha nne, mnivumilie. Naandika nisisahau.

Kaka Raymundi alikuwa anautafuta uhadhiri. Shahada ya pili ilibaki tasnifu tu, utafiti wake juu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kwa miguu hadi pwani. Alhamisi ile aliaga asubuhi na shati lake jeupe.

"Naenda kwenye usaili, Kole. Nikirudi, uniite Mwalimu."

Hakurudi.

Saa nane mchana polisi walitupigia. Pikipiki yake ilikuwa imegongana na lori, barabara ya Nzega.

Sasa jiulizeni kama nilivyojiuliza mimi. Usaili ulikuwa hapahapa mjini. Nzega alifuata nini? Nani alimtuma?

Rafiki yake, Abdulatifu, alisoma naye, na wote wawili waliomba nafasi ileile moja ya uhadhiri. Ni Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Msibani alifanya kazi ya mtani sawasawa. Aliigiza kaka anavyotembea, akadai maiti haizikwi mpaka apewe wali nyama.

"Huyu Mnyamwezi kazoea kubeba mizigo. Leo kabebwa yeye!"

Watu wakacheka huku wanalia.

Kisha akalichukua begi la kaka, lile lililorudishwa na polisi. Akajitwisha kichwani kama mpagazi, akatoka nalo.

"Mwache," mama akasema. "Ni mtani. Tutalikomboa arobaini."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mtani akichukua kitu msibani hafokewi. Mnampa jogoo, anarudisha.

Arobaini ikafika, jogoo tukamfunga miguu. Abdulatifu hakuja. Simu hakupokea.

Mwezi wa saba tangu msiba, Julieth, jirani yetu anayesoma chuoni, akaniambia:

"Da Koleta, tumepata mhadhiri mpya. Yule Abdulatifu wa msibani kwenu. Anatufundisha habari za wapagazi."

Nikamuuliza ofisi yake iko wapi.

Kaka hakuacha mke wala mtoto. Aliacha ile kazi ya utafiti tu. Na sasa imepewa jina la mtu mwingine?

Jumatatu nikamfuata ofisini. Begi lilikuwa juu ya kabati.

"Karibu, Mnyamwezi. Jogoo wangu yuko wapi?"

"Sikuja kutaniana. Umemwibia kaka yangu kazi yake."

Akaenda akafunga mlango.

"Nani anajua umekuja hapa?"

"Watu wengi," nikadanganya.

"Mama yako?"

"Hajui."

"Afadhali." Akalishusha begi. "Fungua mwenyewe."

Juu kabisa kulikuwa na barua ya chuo, ya wiki mbili kabla ya kifo. Niliisoma mara tatu.

Tasnifu imekataliwa. Mahojiano yote kumi na mawili ni ya kutunga. Wazee wawili waliotajwa walifariki kabla ya tarehe ambazo kaka anadai aliwahoji. Aanze upya. Kwenye usaili, jina lake limeondolewa.

Aliyatunga chumbani kwake, mimi nikimpelekea chai na kumwambia asijichoshe.

"Barua hii alinionyesha mwenyewe, na wajomba zenu walikuwa wanatafuta vitambulisho vyake," Abdulatifu akasema. "Begi wangelifungua mbele ya watu wote. Kwa mtani hakuna wa kuuliza."

"Na arobaini?"

"Mngelikomboa hadharani, mngelifungua hadharani. Nilingoja mmoja wenu aje peke yake."

"Na haya unayofundisha?"

"Yamo vitabuni, Koleta. Ya Raymundi nani atayatumia?"

Chini ya begi kulikuwa na kinasa sauti. Ndani, rekodi moja tu, ya Nzega, Alhamisi ileile.

"Shikamoo, bibi Katarina."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa chuo?"

"Hapana, bibi. Mimi bado mwanafunzi."

Hapo ndipo nilipolia. Alikuwa ameanza upya...

Ndugu zangu, kwa miezi saba nilimshuku mtu aliyetufichia aibu. Kaka mwenyewe sikuwahi kumuuliza amefikia wapi, wala kama inamlemea. Nilitaka mno kuwa na kaka mhadhiri. Mnaosomesha watu, waulizeni, na muwaachie nafasi ya kusema nimeshindwa.

Mama nilimwambia jana. Akauliza kama yule bibi wa Nzega alipewa taarifa ya msiba.

Hakuna aliyempelekea.

Kati ya wale wazee kumi na wawili aliowataja kaka, wamebaki tisa walio hai, ukimwacha bibi Katarina. Jumamosi napanda basi la Nzega, na kinasa sauti chake.