Pini Midomoni na Tone la Damu

Mke na mume walikuwa mafundi cherehani. Chumba chao cha kazi kilijaa vitambaa mpaka mlangoni. Mke alizoea kubana pini midomoni akipima nguo, na mumewe alimtania kwamba ameoa nungunungu.

Asubuhi moja taya lilimuuma. Maumivu yakashuka mkono wa kushoto. Akasema ni hizo pini tu, na mkono umechoka kusukuma kitambaa kizito. Mume akakubali, akamkanda taya kwa maji ya moto. Walikosea wote wawili, ingawa walipendana sana.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kujaribu sare yake mpya. Akamwona mke anahema, uso umelowa jasho.

"Dada, weka tepu chini. Twende zahanati sasa hivi."

"Nimalize pindo kwanza."

"Pindo hata kesho lipo. Twende."

Zahanati walipima umeme wa moyo, lakini majibu hayakuwa wazi. Wakamchoma kidole, wakaweka tone la damu kwenye kifaa kipya, kidogo kama kifungo cha koti. Muuguzi akamweleza mume kwamba ndani yake mna nyaya nyembamba kuliko unywele, hazionekani kwa macho.

"Msuli wa moyo ukiumia, unamwaga protini kwenye damu," alisema. "Protini hiyo ikinasa kwenye nyaya, umeme wake unabadilika. Tunajua mapema."

"Na kisipoonyesha kitu?"

"Tunapima tena. Kipimo kimoja hakitoshi. Ila lazima mgonjwa afike. Taya, mkono, mgongo, jasho, kuhema: usikae nayo nyumbani."

Kifaa kilionyesha kwamba moyo umeumia. Mke akapewa dawa, akakimbizwa hospitali kubwa, na mshipa ulioziba ukazibuliwa. Mume alilia pale nje, wala hakujali nani anamwona.

Mke aliporudi nyumbani, alikuta juu ya cherehani yake kimto cha kuchomekea pini. Mishono ilikuwa imepinda kama ya mwanafunzi.

"Fundi mzima unashona hivi?" akamtania.

"Mikono ilikuwa inatetemeka," mume akasema. "Pini zako zikae humo, nungunungu wangu. Mdomo nauhitaji uniambie panapouma."

Mke akachomeka pini moja, taratibu.

"Leo hapaumi popote," akasema.