Vikombe vya Hitima ya Mzee Karso

Kila siku akitoka shuleni, Wening alivua viatu mlangoni, akala wali wake kwa tempe, kitoweo cha soya, harakaharaka, kisha akaingia karakanani kumsaidia mama yake. Karakana hiyo ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yao, mteremkoni mwa mlima Sumbing, na ndani yake mlikuwa na mashine moja tu, ya kutengeneza vikombe vya karatasi.

Karatasi yao ilikuwa na utando mwembamba wa plastiki upande wa ndani. Mashine iliikunja ikawa mwili wa kikombe, ikauchomekea kitako, kisha mdomo mdogo wa chuma ukapuliza hewa moto kuzunguka ukingo wa kitako. Utando ukayeyuka, gurudumu likagandamiza, mwili na kitako vikashikana. Hewa ile ilitoka kwa mluzi mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kati ya meno. Galuh, rafiki yake Wening, hakupenda kukaa mle ndani. "Mashine yenu inapumua," alisema. "Siku moja itaniita kwa jina."

Kazi ya Wening ilikuwa kuvijaribu vikombe. Alichukua vichache katika kila fungu, akavijaza maji yaliyotiwa rangi ya chai, akavipanga juu ya gazeti kuukuu, akavisubiri huku akiandika kazi za shule. Gazeti likibaki kavu, vikombe ni vizima.

"Na ule mdomo wa hewa usiuguse kamwe," Mama yake, Suwarti, alimwonya. "Ukigeuka hata kidogo, hewa inapiga upande mmoja tu. Kikombe utakiona kizuri, kumbe hakikushika."

Masika yale mvua haikukatika. Alasiri moja Wening alirudi na viatu vimelowa chapachapa, na mwalimu wao wa zamu hakuwa mtu wa kusikiliza habari za mvua. Mama alikuwa ameingia ndani kuswali, na mashine ilikuwa bado inapuliza. Wening akautazama ule mdomo, akasikiliza kama Mama anakuja, kisha akaning'iniza kiatu kimoja pale kwa kamba yake.

Kilikauka vizuri ajabu. Lakini alipokivuta, kamba ilikuwa imejizungusha kwenye chuma, na mdomo wa hewa ukageuka kidogo pamoja nayo. Wening akajaribu kuurudisha kwa mkono. Chuma kikamuunguza kidole, akauachia.

"Mbona kunanuka viatu humu?" Mama aliuliza aliporudi.

"Si mvua hii, Mama. Kila kitu kinanuka."

Mashine ikaendelea. Vikombe vikatoka vyeupe, vimenyooka, havina dosari ya kuonekana. Wening akavijaza, akavipanga, akasubiri. Alipoinua cha kwanza, aliona chini yake duara jembamba kama uzi. Chini ya cha pili palikuwa na jingine. Akalikunjakunja gazeti akalisokomeza nyuma ya maboksi.

"Vikavu?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Vikavu."

"Alhamdulillahi. Hivyo ni vya Bibi Rukinem, vya hitima ya kesho. Nimeahidi kumchangia."

Bibi Rukinem alikuwa jirani yao. Mumewe, Mzee Karso, alikuwa amefariki, na siku iliyofuata ilikuwa arubaini yake. Nyumba ilikuwa ya mbao, ya kizamani, sakafu yake ya udongo iliyotandikwa mikeka ya ukindu iliyoingia weusi kwa miaka mingi. Watu walifika baada ya alasiri. Ukungu nao ulishuka mlimani ukaingia pamoja nao, ukajaza chumba hadi ikabidi taa iwashwe mapema. Kila mtu aliwekewa mbele yake, juu ya mkeka, kikombe cha chai ya tangawizi. Kwa desturi yao hakuna anayegusa kitu mpaka dua iishe.

Kisomo kilikuwa kirefu. Watu waliinamisha vichwa, wengine wakafumba macho, sauti zikapanda na kushuka kama kitu kimoja. Wening alikaa na wanawake karibu na mlango. Hakuthubutu kutazama chini.

"Amina," watu wakaitikia mwisho.

Mjomba Parno, kaka yake Mama, mtu wa mzaha, ndiye aliyeinama wa kwanza kuchukua chai yake. Mkono ukasita njiani.

"Eh! Nani kaninywea chai yangu?"

Watu wakacheka. Kisha mmojammoja wakatazama mbele yao, na kicheko kikakatika. Kila kikombe kilikuwa kimepungua, vingine hadi nusu. Hakuna aliyekuwa amekunywa. Hakuna aliyekuwa ameinua mkono ila kwa dua.

"Wening," Galuh alinong'ona huku amemshika kiwiko, "mimi sijaonja. Wallahi sijaonja."

Imamu Mustari aliinua mkono kuwatuliza. "Tusikimbilie mambo. Bi Suwarti, hivi vikombe ni vyako. Ni vizima?"

"Binti yangu alivijaribu mwenyewe," Mama alijibu. "Wening, si ulisema vilikuwa vikavu?"

Macho ya nyumba nzima yakamgeukia. Kidole chake kilichoungua kilikuwa kikimpwita. Angetikisa kichwa tu, ingetosha. Lakini watu walikuwa wengi mno.

"Vilikuwa vikavu," alisema.

Hapo ndipo ilipotoka sauti nyuma ya pazia la jikoni, ndogo na tulivu kuliko sauti ya mtu anayelia.

"Basi ni yeye. Amekuja kuinywa chai yake."

Bibi Rukinem alisimama pale ameshika birika. "Siku ile aliniomba chai," alisema. "Nikamwambia ngoja kwanza, niwafungie kuku. Niliporudi alikuwa amekwenda. Mume wangu alikufa na kiu yake."

Akaketi palepale kwenye udongo. Wanawake wakamkimbilia, wanaume wakaanza kutafuta viatu vyao, na vikombe vikakusanywa upesiupesi na watu waliotazama pembeni, chai ikamwagwa uani. Hakuna aliyegusa kitako cha hata kimoja. Siku ile kila kitu kilikuwa na unyevu, hata kuta.

Tangu hapo watoto wakaacha kupita mbele ya nyumba ile.

"Mama kanikataza kabisa," Galuh alimwambia Wening njiani. "Wanasema ukipita alasiri unamsikia marehemu anavuta chai. Fyuuu. Halafu kimya. Halafu fyuuu."

"Ni upepo," Wening alisema.

"Upepo unakunywa chai?"

Wening akaharakisha hatua. Usingizi ulikuwa umempotea. Karakanani mluzi wa mashine ulimfanya ageuke kutazama nyuma, maana sasa hata yeye aliusikia kama mtu anayevuta chai ya moto. Kwa bahati nzuri Mama alikuwa amesimamisha kazi tangu hitima akisubiri karatasi mpya; mluzi ule ulirudi alasiri karatasi ilipofika, Mama akawa anaipasha mashine moto.

"Mpelekee Bibi Rukinem uji huu," Mama alisema. "Nasikia hali chakula. Na usiuweke mlangoni ukakimbia kama wenzako. Ingia, umsalimie."

Ukungu ulikuwa umeizunguka nyumba ya Bibi Rukinem kiasi kwamba paa lake halikuonekana. Wening alibisha hodi mara mbili.

"Pita, mwanangu. Pita taratibu. Anakunywa."

Bibi alikaa chini gizani, amekonda, mabega yametokeza. Mbele yake, kando ya kitanda cha mianzi cha marehemu, palikuwa na saruni ya Mzee Karso iliyokunjwa, na juu yake palikuwa na kikombe cheupe cha karatasi. Kilikuwa kimojawapo cha vikombe vya hitima ambavyo havikutumika. Mvuke ulipanda juu yake.

"Kila alasiri namwekea," Bibi alisema. "Tazama. Tazama vizuri."

Wening akatazama. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Hakuna mdomo uliokuwa karibu na kikombe kile, hakuna mkono, na hata hivyo chai ilikuwa ikishuka polepole, ikiacha alama ya kahawia kwenye ukuta mweupe wa karatasi. Alijua sababu. Aliijua kuliko mtu yeyote kijijini. Lakini nywele zilimsimama, na kwa kitambo kidogo aliona kama kitanda kile cha mianzi kimebonyea katikati, kana kwamba kuna mtu amekalia.

Akanyoosha mkono, akagusa saruni chini ya kikombe. Ilikuwa imelowa, na ilikuwa na joto.

"Usiguse!" Bibi alisema kwa ukali. "Hajamaliza." Kisha akakohoa, kikohozi kirefu cha kifua kitupu, na alipotulia akatabasamu. "Nimechoka kumnywesha kikombe kimojakimoja. Kesho nitampelekea birika zima kaburini. Nitakaa naye hukohuko mpaka atosheke."

"Bibi, makaburini mvua kubwa. Utaugua."

"Nikiugua, si ndiyo nitamfikia?"

Wening alitaka kumwambia, hakuthubutu. Akauweka uji chini, akatoka, akakimbia kwenye matope mpaka karakanani, ambako mashine ilikuwa ikipiga mluzi wake.

"Mama, izime! Izime mashine!"

Mama akaizima.

"Ni mimi, Mama. Si Mzee Karso. Nilikausha kiatu pale, mdomo wa hewa ukageuka. Vikombe vilivuja, niliona, gazeti nimelificha nyuma ya maboksi. Nikakwambia vikavu."

Mama alisogea, akainama chini ya taa, akautazama mdomo wa hewa kwa muda. Ulikuwa umepinda upande kwa upana wa punje ya mchele. Aliponyooka uso wake ulikuwa umebadilika, na Wening akajikunja akisubiri kofi.

"Na mbele za watu wote wale, nilipokuuliza tena?"

"Niliogopa, Mama."

"Na mimi nikakutetea." Mama alijifuta mikono kwenye sketi yake, polepole sana. "Jitande ushungi. Twende."

"Utamwambia wewe?"

"Aka! Utamwambia wewe mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Walichukua kikombe kimoja kizima, cha fungu lililotoka kabla mdomo haujageuka, na gazeti kavu. Bibi Rukinem aliwatazama wakiingia bila kuuliza kitu. Wening alipiga magoti, akatandika gazeti, akaviweka vikombe viwili juu yake, kile kizima na kile kibovu cha Bibi, akavijaza chai kutoka birika lilelile. Kisha akaeleza yote, kiatu, gazeti, na neno lile alilolisema mara mbili. Hakuacha kitu.

Walisubiri. Katika kikombe kimoja chai ilibaki pale ilipokuwa. Katika kingine ilianza kushuka, na chini yake doa la kahawia likatambaa juu ya gazeti, likapanuka. Bibi aliligusa kwa ncha ya kidole. Akalinusa.

"Kumbe hakuja," alisema.

"Hakuja, Bibi."

"Basi hanidai chai."

"Hakudai kitu," Mama alisema na kukaa karibu naye. "Yuko kwa Mola wake. Huko hawapungukiwi na kitu hata wakusubiri wewe uwaletee."

Bibi Rukinem akalia, na kilio hiki kilikuwa na sauti, cha mtu aliyefiwa, ambacho alikuwa hajakilia tangu siku ya hitima. Mama akamshika. Kilio kilipokwisha, Bibi akakichukua kile kikombe kizima, akanywa chai yote mpaka tone la mwisho, akauvuta uji karibu.

Ijumaa Mama alimweleza Imamu, na Imamu akawaeleza watu msikitini, ili asiwepo tena wa kuikwepa nyumba ile. "Kumbe aliyeninywea chai ni kiatu cha Wening!" Mjomba Parno alisema, na watu wakapata kucheka tena. Mdomo wa hewa ukanyooshwa, ukafungwa kwa skrubu, na vikombe vyote vya fungu lile vikachomwa moto.

Wening akawa anapita kwa Bibi Rukinem kila alasiri kumsaidia kufungia kuku. Siku moja, wakiwa wamekaa kizingitini, alimwuliza kama bado amemkasirikia.

"Kwa ajili ya kiatu?" Bibi alisema. "Kiatu ningekicheka. Kikombe kinachovuja ningekitupa, nikachukua kingine. Lakini wewe ulisema vikavu, na mimi nilikuamini. Na kwa sababu nilikuamini wewe, ikabidi nimdhanie mume wangu kwamba amerudi kunidai, mtu ambaye hakunifanyia ubaya maisha yake yote." Akamwekea mkono kichwani. "Mtu akikuuliza jambo, mjukuu wangu, jibu utakalompa atakwenda nalo nyumbani, atalala nalo. Basi mpe la kweli, hata kama linakuaibisha."